Itembee, au Iwe Kama Zamani

Fundi aliizunguka mara mbili bila kuigusa. Kisha akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu la krenki, akakitoa kimejaa unga mwekundu wa kutu, akakifuta kwenye suruali.

“Sasa dada,” akasema, “unataka itembee, au unataka iwe kama zamani?”

Nilijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nikasema: kama zamani. Fundi akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa kukubali wala kukataa, akaomba kalamu, akaanza kuandika orodha kwenye kipande cha boksi la tyubu.

Hiyo ilikuwa Desemba, Choma, au kwa jina lake refu Choma cha Nkola, wilayani Igunga. Kwa msomaji ambaye hajafika: ni nchi ya pamba na ng'ombe, tambarare hadi macho yanachoka, yenye udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza ndala na masika hugeuka gundi. Ukizaliwa huko, baiskeli si chombo cha mazoezi. Ni mkokoteni, ni gari la wagonjwa, ni mahari nusu. Kabla bodaboda hazijatapakaa, mtu wa Shinyanga mjini akisema anapanda daladala alikuwa na maana ya kukaa kwenye keria ya baiskeli, dereva akikanyaga pedeli mbele yake na jasho likimrukia abiria.

Baiskeli niliyompelekea fundi ni Raleigh. Babu aliinunua mwaka 1967 kwa pesa za pamba, kwenye duka la Mhindi mjini Nzega. Si ile ya mashindano yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Ni ile ndefu nyeusi ya safari, ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za fito za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani badala ya waya. Ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, na shingoni ina kibati cha shaba chenye kichwa cha korongo. Kijijini hakuna aliyekuwa na habari na Nottingham. Watu walisema tu “ile ya ndege”. Fulani ana ya ndege. Yule naye kanunua, lakini si ya ndege.

Leo imebaki fremu, foko, usukani, keria na gadi ya nyuma. Gurudumu la mbele lipo, lakini ni la Phoenix ya China. La nyuma halipo kabisa. Tandiko la ngozi limebaki spring zake mbili. Gadi ya mbele haipo, kengele haipo, dainamo haipo, cheni ni kipande kilichoshikana kama nyoka aliyekaushwa. Tangu babu afariki imeegemezwa nyuma ya jiko la bibi, na kuku wanalala juu yake.

Ilivyokuwa yangu ni hivi. Baada ya matanga ukoo ulikaa kugawana. Ng'ombe walichukua muda mrefu, mashamba yakachukua muda mrefu zaidi, na karibu jioni mtu akauliza: na baiskeli je? Watu wakacheka. Baba mkubwa akasema, “Mpeni mke wake.” Mke wake nilikuwa mimi. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na babu aliushika utani ule kwa bidii: akitoka mnadani na peremende alitangaza uani kwamba ameleta mahari. Bibi naye ananiita mke mwenzangu mpaka leo. Basi nikarithi chuma chakavu kwa kicheko, nikarudi Dar es Salaam, na miaka minne ikapita kabla sijawaza kukifanyia chochote.

Kilichonifanya niwaze ni shule. Nasoma uzamili wa mambo ya urithi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ni kituo kimojawapo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikagawanyika, tawi moja likienda Ujiji na jingine likipanda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa hiyo kwa mwaka mzima nimekuwa nikisoma watu wanaogombana kuhusu kuta. Mwingereza John Ruskin aliandika mwaka 1849 kwamba kurejesha jengo la kale ni kuliangamiza na kudanganya juu yake. Mfaransa Viollet-le-Duc aliona kinyume, akarejesha makanisa na ngome hadi kwenye ukamilifu ambao yeye mwenyewe alikiri huenda haukuwahi kuwapo. Hati ya Venice ya mwaka 1964 ikajaribu kuwaamua: rejesha, lakini pale unapoanza kubahatisha, simama.

Nilikuwa na hayo yote kichwani siku fundi aliponiuliza. Na bado nikasema “kama zamani” kana kwamba zamani ni duka lililo wazi.

Usiku ule nilikaa na kile kipande cha boksi. Rimu ya nyuma na spoku zake. Tairi mbili, tyubu mbili. Cheni. Gololi za mbele, za nyuma na za krenki. Pedeli. Tandiko la ngozi, “likipatikana Mwanza”. Gadi ya mbele, 15,000. Kengele. Dainamo na taa. Rangi nyeusi ya kupuliza, pamoja na ile mistari ya dhahabu. Jumla shilingi 340,000, ukiacha nauli ya kutafuta. Kwa pesa hizo ningepata Phoenix mpya na chenji ikabaki. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, kama mtu anayesema pembeni: “ya kutembea tu, 90,000”.

Nilipoisoma orodha mara ya pili ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna mtu ambaye hayumo. Hii ilikuwa baiskeli ya mwaka 1967, inayong'aa mlangoni kwa Mhindi. Mimi sijawahi kuiona. Nilizaliwa mwaka 1998. Baiskeli niliyopanda, nikimshika babu kiunoni na uso wangu umegandana na shati lake lenye harufu ya ugoro, ilikuwa tayari na gurudumu la China, tandiko limefungwa kwa mpira wa tyubu, na sauti, tik, tik, tik, ya pedeli ya kushoto iliyokuwa inagonga fremu. Kwa sauti ile tulijua babu amefika kwenye mkwaju. Fundi angeiondoa sauti ile kwa spana na dakika tano, na angestahili kulipwa.

Na katikati kulikuwa na baiskeli nyingine. Ile ya Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, iliyobeba mlango wa nyumba ya zamani kwenda kwenye kiwanja kipya, babu akiwa amesisitiza kwamba kuta atafinyanga nyingine lakini mlango haachi. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na madukani hamna kitu. Nchi ilikuwa na kiwanda chake cha baiskeli, NABICO, kilichotoa zile za Swala, lakini kupata tairi kijijini ilikuwa bahati. Babu alijaza majani makavu ndani ya tairi badala ya tyubu, na anasemekana alikwenda hivyo msimu mzima, akiruka kama mtu aliyepanda mbuzi. Zamani ipi sasa? Nikichagua mwaka 1967, nimechagua siku pekee ambayo baiskeli ile ilikuwa haijafanya chochote.

Wanafunzi wa falsafa watakuwa wameshaikumbuka meli ya Theseus, ambayo Plutarch anasema Waathene waliihifadhi kwa kubadilisha mbao zilizooza moja baada ya nyingine, mpaka wenye akili wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Sisi tuna yetu, na ina faida kwamba tunajua nauli yake. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo meli hiyo nzima ilipita Tabora ikiwa ndani ya mabehewa. Ikaunganishwa Kigoma, ikaitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wao kwanza waliipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mashine za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli.

Ni meli ileile? Sijawahi kusikia abiria wa Kigoma akiuliza hivyo. Lakini kitu ninachokipenda katika kisa hiki ni ile grisi. Mtu anazamisha meli huku akiipaka mafuta. Ana maana kwamba hajui nani ataiibua, na hata akiwa adui, bora aikute nzima. Hakuna hapo habari ya kurejesha chochote. Ni kumwachia mwingine nafasi.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa fundi kumuuliza rimu ya asili ya Raleigh inapatikana wapi, maana nilikuwa bado sijakata tamaa na “kama zamani”. Akanitazama kama mtu anayeuliza kisima kiko wapi huku amekalia ukingo wake.

“Rimu ya mzee? Inapita hapa kila siku saa kumi na mbili.”

Ikawa hivyo. Kesho yake nilikaa kwenye benchi lake na chai, na saa kumi na mbili na robo akapita muuza maziwa, madumu mawili huku, mawili huku, na chini ya mzigo ule rimu ya nyuma ya babu, yenye spoku nene za zamani, imebadilishwa tairi sijui mara ngapi. Babu alimpa miaka michache kabla ya kufa, yake ilipopinda kwenye shimo. Alimpa tu. Fundi akaanza kunihesabia vingine kwa vidole, bila hata kufikiri: dainamo ilikwenda kwa mwalimu mmoja, akaondoka nayo alipohamishwa. Kengele iko kwenye baiskeli ya mtoto wa jirani. Krenki ya upande mmoja iko kwenye mashine ya kunolea visu, pale sokoni, ukitaka nikuoneshe. Tandiko lilikatwa likawa kishikio cha panga.

Sikwenda kuona. Lakini nilichekeshwa, na nikaona fahari kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba babu yake ana watoto wengine na wote wana tabia njema.

Jioni ile muuza maziwa akaja nyumbani. Alikuja anaisukuma baiskeli, hajaipanda. Madumu ameyaacha. Akamwamkia bibi, akaniamkia na mimi kwa heshima iliyozidi umri wangu, akakataa kukaa. Akasema amesikia mjukuu wa mzee ametoka Dar es Salaam anakusanya vitu vya marehemu. Akasema yeye hana neno, gurudumu ni mali ya mzee, kila mtu anajua, na kama linatakiwa yeye yuko tayari kulifungua sasa hivi. Spana alikuwa nayo mkononi. Aliomba tu, kama inawezekana, apewe mpaka mwisho wa wiki, kwa sababu maziwa ya watu hayasubiri.

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilivyojisikia na kila mara naishia kwenye sentensi nzuri mno. Nitasema tu nilichokiona: mikono yake. Alikuwa anaifunga na kuifungua spana bila kujua.

Mimi nilikuwa nimeuliza swali tu. Nilidhani nahangaika na kumbukumbu, jambo langu la ndani, lisilomgusa mtu. Kumbe swali la mrithi halibaki kuwa swali. Neno langu moja benchini kwa fundi lilikuwa limetembea siku nzima na jioni likafika kwa mtu mwenye watoto likiwa ni amri. Na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba alikuwa tayari kutii. Asingebisha. Ningeweza kupata rimu yangu ya asili kwa kunyamaza tu.

Karne ya 17 Hobbes aliongeza swali kwenye ile meli ya Theseus: je, kama mtu angekusanya zile mbao kuukuu zilizotupwa, akaziunganisha upya, ipi ingekuwa meli yenyewe? Ni swali zuri, tulilibishania darasani wiki nzima. Lakini Hobbes amechukulia kwamba mbao zile zilikuwa zimelala mahali, hazina mwenyewe. Hakuuliza ingekuwaje kama kila ubao ulikuwa tayari umeshapigiliwa kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, na mtumbwi uko majini. Choma hakuna ubao unaolala.

Nilimwambia muuza maziwa hapana, hapana kabisa, sikuwa na maana hiyo. Akashukuru. Sina hakika kama aliamini. Kwa wiki nzima alinipungia mkono kutoka mbali mno.

Bibi alikuwa amekaa kimya muda wote, anachambua mchicha. Mgeni alipoondoka akaniambia nimsomee ile karatasi ya fundi. Nikamsomea. Aliitikia kila kitu kwa mguno, rimu, mm, cheni, mm, mpaka nilipofika kwenye gadi.

“Gadi ya mbele ya nini?”

Nikamwambia haipo, itabidi inunuliwe.

“Haipo, ndiyo. Sasa ya nini?”

Akanisimulia, mikono haijaacha mchicha. Ilikuwa masika, mimba ya pili, kabla ya baba yangu. Uchungu ulimshika usiku na ukaenda vibaya, mkunga akasema hawezi, aende Nkinga hospitali. Babu akamfunga kwenye keria kwa kanga. Ndiyo mara ya kwanza alipanda baiskeli ile na ndiyo mara ya mwisho. Kwenye mbuga udongo mweusi ukaanza kujaa kati ya tairi na gadi, kila hatua chache gurudumu linagoma, babu anachokonoa kwa kijiti, wanakwenda, linagoma tena. Mwishowe akapiga magoti kwenye matope, akaing'oa gadi ya mbele kwa mikono, akairusha porini. Alijikata kiganja. Ya nyuma ilimshinda kwa sababu yeye bibi alikuwa amekaa juu yake. Mtoto alizaliwa njiani kabla ya mapambazuko. Hakulia.

“Kwa hiyo gadi haijapotea,” bibi akasema. “Iko kulekule.”

Mwaka mzima nimeandika kurasa kuhusu wadau. Neno hilo liko kwenye tasnifu yangu mara nyingi hata naona haya kulihesabu: kuwashirikisha wadau, maoni ya wadau. Na sikuwa nimemuuliza mtu aliyeishi na ile baiskeli miaka hamsini. Ningeirudisha gadi ile kwa 15,000 na kuweka mistari ya dhahabu juu yake, na kila asubuhi bibi angetoka jikoni akakuta usiku ule umefutwa na mjukuu wake kwa upendo.

Nikamuuliza kwa nini hakupanda tena. Akacheka.

“Wewe mke mdogo ulipandishwa. Mimi mke mkubwa nilitembea.”

Ni utani, na si utani. Siku za mnada babu alitangulia na baiskeli, na bibi akafuata kwa miguu na mzigo kichwani. Ndivyo ilivyokuwa, na sikumbuki kama mtoto kuliona kuwa jambo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, anaonyesha kwamba Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani walikuwa wafanyakazi wenye kujivunia kazi yao, na kwamba wanawake nao walikuwamo kwenye misafara ile. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, kilo 30 na kitu. Raleigh ya babu ilibeba gunia zima la mahindi. Kwa hiyo baiskeli iliutoa mzigo kwenye bega la mwanamume wa Kinyamwezi, nayo ni mageuzi makubwa kuliko tunavyoyaandika. Juu ya kichwa cha bibi haikuutoa. Mimi kumbukumbu zangu zinatoka kwenye keria, na ukiwa kwenye keria unamwona babu mgongo na dunia inapita pembeni. Bibi anaikumbuka kwa vumbi lililobaki nyuma yake.

Ndiyo sababu siamini tena kwamba swali la kukarabati ni la kitu na mwenye kitu. Lakini pia sikubali jibu jepesi la kusema basi, tuache kila kitu kilivyo, kutu nayo ni historia. Huo ni uvivu uliovaa miwani. Kutu haina heshima kwa mtu yeyote. Fundi alinionesha chini ya krenki ambapo bomba limebaki jembamba kama ganda la yai, masika mawili na litaachia. Nikiacha, nimeamua. Na mtu anayeweza kulipa na asilipe hawezi kujificha nyuma ya Ruskin. Wala siwezi kusema kwamba baiskeli nzima ni bora ikae kama kaburi la usiku mmoja, wakati bibi mwenyewe anaitumia kama kitanda cha kuku na hajawahi kuilinda na chochote.

Nilimuuliza moja kwa moja. Bibi, unataka niifanyeje?

Akafikiri. Akasema kwanza kuku wasisumbuliwe mpaka vifaranga wakue. Kisha akasema, “Kama una pesa za kuchezea, tairi la yule mwenye maziwa limekwisha. Nimeliona akigeuza.”

Kwa hiyo nilinunua tairi moja na tyubu moja, 28, fundi akalifunga kwenye rimu ya babu saa kumi na mbili asubuhi, madumu yamewekwa chini kando ya barabara. Muuza maziwa alisimama ameshika tandiko kama anayemshika ng'ombe wakati wa sindano. Pia nilimlipa fundi aje nyumbani na msasa na oili chafu, asugue chini ya krenki, apake ndani na nje, asiguse kingine. Hakufurahi. Alisema ni kama kumwambia kinyozi anyoe upande mmoja. Alisema pia, na katika hili sina jibu, kwamba mjukuu mwingine angeitengeneza ikatembea kwa 90,000, na msichana fulani wa pale jirani anayekwenda sekondari kwa miguu angeipanda. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri, na yule msichana bado anatembea, kwa hiyo kufikiri kwangu kuna anayekulipia.

Jambo moja sijalisema. Siku ya mwisho, kabla basi la Igunga halijaja, nilikwenda nyuma ya jiko peke yangu na bisibisi. Nilijiambia kwamba kibati kingeibiwa, shaba ina bei siku hizi, na kwamba mahali pake salama ni kwenye mikono ya mtu anayejua thamani yake. Ndivyo walivyosema wote waliowahi kuchukua kitu mahali, nimewasoma. Ripiti mbili ndogo zilikuwa zimeoza, hazikubisha hata kidogo.

Kiko hapa mezani ninapoandika. Kichwa cha korongo, mdomo mrefu, shaba imekuwa ya kijani kwenye kingo. Wiki tatu baadaye bibi alipiga simu, tukasalimiana, akanipa habari za mvua na za vifaranga, wamekua, tisa kati ya kumi na moja. Kisha akanyamaza kidogo.

“Mke mwenzangu, yule ndege yuko wapi?”

Nikasema yuko kwangu, bibi.

“Haya,” akasema. “Ukija, uje naye.”